Aliyefunga Doli Hupanda

Nianze na lile lililonichosha roho kuliko yote: doli si trela. Nimelisema hili kwa wateja, nimelisema kwa mameneja, nimelisema kwenu ninyi wenyewe vijana wa yadi, na bado wiki niliyoondoka nilimsikia mmoja wenu akimwambia mteja kwenye simu kwamba ni katrela kadogo tu, asiwe na wasiwasi. Mteja huyo anapaswa kuwa na wasiwasi. Sasa nimestaafu, nakaa kwa binti yangu mtaa wa Rashidiya, mchana kutwa sina wa kumkatiza maneno, kwa hiyo nitalisema kwa maandishi na mtalisoma mpaka mwisho.

Kwa asiyewahi kuingia yadi yetu ya Jebel Ali, jambo lenyewe ni hivi. Yako matrela makubwa, ya farasi, ya ngamia, ya vigari vya kuchezea mchangani, ambayo mbele yana shingo ndefu ya chuma iliyopinda. Shingo hiyo imetengenezwa ikae katikati ya bodi ya pikapu, juu ya kichwa cha chuma cha mviringo, na ili kichwa hicho kikae pale lazima bodi itobolewe. Sasa mtu wa Dubai amenunua pikapu mpya, bado inanuka duka, unamwambia unataka kuitoboa bodi. Anakutazama kana kwamba umesema utamtoboa mwanawe. Ndipo linapokuja doli. Ni kigari kifupi chenye magurudumu yake, kinafungwa nyuma ya pikapu, na kile kichwa cha chuma kiko juu yake. Shingo ya trela inalalia doli, doli linabeba uzito, pikapu inavuta, na bodi ya bwana mkubwa inabaki haina mkwaruzo.

Wateja hupenda sana sehemu hiyo ya maelezo. Sehemu inayofuata hawaisikilizi. Pikapu na trela vina kiungo kimoja kinachopinda. Ukiweka doli katikati, viungo vinakuwa viwili, na cha pili kina akili zake. Mbele utakwenda vizuri mpaka ujisahau. Siku utakayotaka kurudi nyuma ndiyo utakayojua umefunga nini.

Mimi nilikuja Dubai nikijiona dereva. Nilikuwa nimeendesha malori bandarini Tanga miaka mingi, na nilipoonyeshwa pikapu, doli na trela tupu, nikacheka kimoyomoyo. Aliyenipokea alikuwa Mzee Hamadi, mtu wa Kwale, fundi wa kufunga pale yadini, mrefu, mkavu, na mkononi hakosi gilasi ya karak, chai nzito ya maziwa, iliyotiwa sukari mpaka kijiko kinasimama. Akaniambia nilirudishe lile trela nyuma mpaka likae katikati ya mapipa mawili, kisha akakaa juu ya tairi bovu kuangalia.

Hadi adhuhuri nilikuwa nimelikunja kulia, nimelikunja kushoto, na pipa moja nimeligonga likaviringika hadi kwenye ua. Kilichozidi kunipandisha presha ni waelekezaji. Fundi wa breki alikuwa Mpakistani, mlinzi alikuwa Mganda, karani alitoka kwenye kiyoyozi chake kabisa, na kila mmoja ananipungia mkono upande wake na kunielekeza kwa lugha yake. Mlinzi alikuwa hajui hata kuendesha baiskeli. Mzee Hamadi aliwaacha mpaka nilipozima injini na kushuka nikiwa tayari kurudi Tanga. Akawaambia wote waondoke, akanirudisha kwenye usukani, na somo lake likawa fupi. Usilitazame trela, litazame doli. Zungusha usukani kidogo tu, kisha ungoje. Likianza kwenda lisikotakiwa usijaribu kulirekebisha huku unarudi nyuma, vuta mbele, nyoosha, anza upya. Mpaka leo sijaona somo jingine linalozidi hilo, na mpaka leo naona vijana wakilazimisha kulirekebisha huku wanarudi nyuma. Kwa nini, sijui.

Kufunga nako alinifundisha yeye. Kikombe cha shingo kinateremshwa kwa jeki mpaka kimeze kile kichwa cha chuma. Kufuli linajifunga, kisha pini inapita kwenye tundu lake kulizuia lisifunguke. Minyororo inapishana chini. Waya wa taa na wa breki. Halafu unapandisha jeki tena kidogo, na kama doli linainuka pamoja na shingo basi vimeshikana kweli. Mzee Hamadi alifanya yote haya kwa vidole, karibu bila kutazama. Alikuwa anapapasa kila kitu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na alipomaliza aligonga shingo mara moja kwa kiganja.

Kisha akafungua mlango wa abiria akaingia. Nilimuuliza anakwenda wapi, maana safari ilikuwa yangu. Akanieleza sheria ya yadi, na kwa wale wenu mnaodhani aliitunga meneja, aliitunga yeye. Aliyefunga doli hupanda. Zamani, kabla yangu, kulikuwa na mtu alifunga akaenda kula, na trela likachomoka kwenye kipilefti cha kwanza. Hakuumia mtu, ila dereva ndiye aliyefukuzwa, na aliyefunga alisema yeye aliiacha pini ndani.

"Mtu akijua yumo garini, anarudi kuangalia mara ya pili," Mzee Hamadi aliniambia. "Asipokuwemo, anakwenda kula."

Sheria hiyo ilikuwa na mambo mawili yanayoifuata. La kwanza, aliyefunga akikataa kupanda, gari haliondoki, na haulizwi mara mbili. Anafungua yote mwingine, na mwingine anafunga upya. La pili, hakuna kukagua nyuma ya mtu. Ukiwa na shaka mwambie usoni, naye atafungua mbele yako aanze upya. Ukimzunguka na kupapasa pini yake kimyakimya, umemwita mwongo. Nimeona watu wazima wakiacha kusalimiana kwa jambo hilo.

Tulikwenda hivyo miaka, mimi kwenye usukani na yeye pembeni, na msidhani alikuwa mwenza mzuri wa safari. Alikataa redio kwa sababu alikuwa akisikiliza doli. Kila tuta alikuwa anageuza shingo. Lakini kuna siku tulipeleka vigari vya mchangani kwenye kambi ya jangwani, na kule kila mtu hupunguza upepo wa tairi ili asizame. Wafanyakazi wa kambi, kwa wema wao, walituwahi na kupunguza upepo kila tairi waliloliona, pamoja na ya doli, ambayo hayakuhitaji kuguswa kwa sababu tulikuwa tumesimama penye kokoto. Wakati wa kurudi walijaza ya pikapu, wakajaza ya trela. Doli limejificha chini ya shingo, nani atalikumbuka? Mzee Hamadi alikuwa ameingia kuswali, mimi nikaambiwa yote tayari, tukaondoka. Hatukufika mbali kwenye lami akaniambia nisimame. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Tulipoinama, tairi moja la doli lilikuwa limeanza kumenyeka na linatoa harufu. Alinitukana kwa Kidigo kirefu, kisha akajitukana na yeye mwenyewe, maana aliyefunga alikuwa yeye. Tangu hapo hakukubali tuondoke mahali popote kabla hajalizunguka doli kwa miguu yake.

Meneja mpya alipokuja, kitu cha kwanza alichokiona ni watu wawili ndani ya pikapu moja. Sikatai, kwa mtu anayetazama kutoka dirishani ilikuwa inaonekana uvivu. Tulibishana naye ofisini, mimi nikamweleza habari ya tairi, na alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema sheria itabaki mpaka kosa la kwanza. Likitokea kosa, khalas, imekwisha, kila pikapu mtu mmoja. Kwa wengine wetu hilo lilikuwa jambo la kubadilisha ratiba. Kwa Mzee Hamadi lilikuwa jambo jingine. Alikuwa haendeshi tena, na mikono ya kufungua injini hakuwa nayo. Kazi yake ilikuwa kufunga na kupanda, na visa yake ilitegemea kazi hiyo. Kwao Kwale mkewe alikuwa amekwisha kufa, watoto hawakujaliwa, amebaki dada mmoja ambaye hawaelewani. Alikuwa akisema waziwazi kwamba akirudi kule atakaa barazani kuhesabu magari ya watu wengine, na hiyo ndiyo sauti pekee ya huzuni niliyowahi kuisikia kwake.

Na hapo ndipo macho yake yalipoanza kufifia. Niliyaona kwanza kwenye gilasi ya karak: aliiweka nje ya ukingo wa meza, ikaanguka, akailaumu meza. Kisha akaanza kunisalimia kwa jina la mtu mwingine mpaka nijibu. Ilikuwa kisukari, na kila mtu angeijua isipokuwa yeye. Nilimwambia aende kliniki. Akasema macho yake mazima, jua la hapa ndilo kali. Nikamnunulia miwani, akaiweka mfuko wa shati ionekane, akawa anapiga picha nayo hivyo hivyo mfukoni. Nikamwambia apunguze sukari, siku hiyo akaagiza karak mbili. Nawaambia, sijawahi kumpenda mtu na kutaka kumkaba kwa wakati mmoja kama nilivyokuwa na mzee yule.

"Mie nafunga kwa vidole," alikuwa akinijibu. "Macho ya nini?"

Jibu hilo lingenitosha, kama asubuhi moja nisingemwona anajibana vidole mlangoni na asishtuke. Alivitoa polepole, akavitazama kama si vyake. Vilikuwa vimeingia ganzi. Siku ile ile, tulipokuwa tunataka kutoka na trela la mashua, nilipita nyuma kwenda chooni nikaona pini. Ilikuwa imepita pembeni ya tundu, inaning'inia kwenye kamba yake, na Mzee Hamadi amekwisha kaa mbele na mkanda amefunga. Niliisukuma ndani. Nikaingia garini, nikawasha, na njia nzima hadi ufukweni nilikuwa na hasira, nami sijui nilimkasirikia nani zaidi.

Kwa sheria yetu nilipaswa kumwambia usoni. Lakini kumwambia usoni pale yadini, mbele ya watu, ni sawa na kumwambia meneja, na kosa la kwanza ndilo lililokuwa linangojwa. Nilimwambia faraghani, jioni, tulipokuwa tunasubiri basi. Akaniuliza kama nina uhakika si mimi niliyeigonga kwa mguu. Kesho yake hakunisemesha.

Basi nikaanza kuangusha funguo. Kila alipomaliza kufunga na kugonga shingo kwa kiganja, mimi nilipita kando ya doli nikielekea mlango wangu, funguo zikaniponyoka, nikainama kuziokota, na nikiwa chini mkono unapita kwenye pini, kwenye kufuli, kwenye mnyororo. Mara nyingi alikuwa amefunga vizuri. Mara chache, hapana. Mwili wangu nao si wa kuinamainama, na vijana waliokuwa wakicheka kwamba Athumani amezeeka, hata funguo hazishiki, wajue leo nilikuwa nikitafuta nini. Nilifanya hivyo msimu mzima wa baridi, kila safari, na kila safari nikimlaani mzee kwa ukaidi wake, na meneja kwa kosa lake la kwanza, na doli lenyewe kwa kuwa na tundu dogo kiasi kile.

Siku iliyomaliza mambo ilikuwa ya farasi. Madam mmoja, mteja mkubwa, alikuwa anamhamisha farasi wake jike kutoka zizi moja hadi jingine. Trela lilikuwa lake, limekaa pale zizini. Sisi tulikuja na pikapu na doli. Meneja naye alikuja na gari lake, kwa sababu madam hupenda kuona watu wanakuja. Mzee Hamadi alifunga taratibu, akapandisha jeki, akagonga shingo. Kisha ikaja zamu ya farasi kuingia, na farasi hakutaka.

Sitawaeleza yote. Alivutwa, akabembelezwa, akapewa karoti, akafunikwa macho, akafunuliwa. Aliingia nusu akatoka. Mtunza farasi alisukuma nyuma, madam akaita jina lake mbele, meneja akatoa ushauri, na mimi nikaitwa kushika mlango, kisha kuushusha, kisha kuushika tena. Jua likatupanda utosini. Mwishowe, bila sababu yoyote, farasi akapanda mwenyewe kama anayeingia msikitini, mlango ukafungwa, na kila mtu akashusha pumzi. Meneja akapiga makofi, akasema yalla, twendeni, madam akaenda kwenye gari lake. Mimi nikakimbilia usukani kabla jike hajabadili mawazo.

Niliwasha. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nikatazama kwenye kioo, Mzee Hamadi amesimama palepale kando ya doli, mikono nyuma. Nikapiga honi kidogo. Hakusogea. Nikashuka nikamwambia twende, mzee, farasi yumo.

"Sipandi mie," akasema.

Nilidhani jua limemchoma. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba akisema hivyo itabidi farasi ashushwe, maana huwezi kufungua shingo na mnyama yumo ndani, na huyu tumehangaika kumwingiza tangu asubuhi. Akasema anajua. Nikamwambia kwamba meneja anakuja. Akasema anamsikia. Nilikuwa tayari kumshika mkono nimwingize kwa nguvu.

"Leo hukuangusha funguo, Athumani," akasema.

Farasi alinisahaulisha. Nilipotoka kwenye ule mlango nilikimbia moja kwa moja kwenye usukani, upande wa pili wa gari, na siku hiyo moja tu, katika siku zote zile, hakuna mkono uliopita nyuma yake. Naye alikuwa amesimama akisubiri kusikia funguo zikianguka chini, kama alivyokuwa akizisikia msimu mzima.

Meneja alipofika akauliza kuna nini. Sikutaka kumtafsiria, lakini Mzee Hamadi hakuhitaji tafsiri yangu. Akamwambia mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha yadini, kwamba macho hayaoni na vidole havisikii, na hawezi kujua alichokifunga. Alilisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya madam na mtunza farasi. Alikuwa anajua vizuri kabisa anachokitoa, na mimi ambaye kwa miezi nilikuwa namwomba Mungu mzee akubali, nilitamani angenyamaza.

Farasi akashushwa. Alishuka mara moja, bila shida, na hilo pia liliniudhi. Nikapiga magoti kando ya doli ili nifungue yote, kama sheria inavyotaka. Pini ilikuwa ndani ya tundu mpaka mwisho. Kufuli limefunga, minyororo imepishana, waya umekaa. Hapakuwa na kosa hata moja. Mzee Hamadi alikuwa amesimama juu yangu, akainama.

"Ilikuwa imeingia?" akauliza.

"Imeingia, mzee. Yote yako sawa."

Akatikisa kichwa. "Mie ningejuaje?"

Kabla ya mwezi kwisha alirudi Kwale. Dada yake, yule wasiyeelewana naye, ndiye aliyempeleka hospitali Mombasa, na jicho moja limepata nafuu. Bado anatia sukari, amekiri mwenyewe kwenye simu, na bado wanagombana. Sheria haikufutwa. Meneja hakuniambia kwa nini, ila tangu siku ile hakutaja tena habari ya watu wawili ndani ya pikapu, na mliobaki mnaikuta hivyo. Muilinde, na muache kuwatuma wenzenu kufunga huku ninyi mko kwenye simu.

Lakini pale zizini nilifungua yote nikafunga upya mwenyewe, na kwa kuwa aliyefunga ni mimi na dereva ni mimi, kiti cha pembeni hakikuwa na mwenyewe. Farasi alirudi kuingia, na muda alioutumia siusemi. Nikamwita Mzee Hamadi apande. Akauliza apande kwa sheria gani, wakati hajafunga. Nikamwambia mzee, panda tu, nimechoka.

Nikaingia, nikafunga mkanda, nikangoja mlango wake ufunguke. Haukufunguka. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni kwa hasira yote iliyokuwa imebaki. Kofia yake ilikuwa imemwanguka kando ya doli. Ameinama kuiokota, anapapasa chini akiitafuta, ingawa iko mbele ya mguu wake, na mkono wake wa pili uko kwenye pini yangu.

Sikupiga honi. Nilimngoja mpaka akamaliza, akaivaa kofia yake, akaja akapanda.